Yenye Pete ni ya Ng'ombe

Watu husema kulikuwa na kishindo. Husema hivyo kwa sababu hawakuwepo. Mimi nilikuwepo, na birika la chai mkononi, chini kabisa ya ukuta wa ukumbi wa shule ya harambee upande wa Silibwet. Sauti niliyosikia ilikuwa ndogo, kama mtu amevunja muwa kwa goti. Nikainua macho. Juu kule, karibu na ncha ya ukuta, mume wangu Kimutai alikuwa ameshika paipu kwa mikono miwili, anaiangalia kama mtu anayeangalia ng'ombe wake mwenyewe aliyemgeukia kwa pembe. Halafu jukwaa lote la kujengea, zile paipu zote zinang'aa kama sufuria mpya, likainama polepole upande wa shamba la majani chai, likasimama kidogo kama linafikiria, na likaja.

Kimutai alikufa pale pale. Wilson, mwashi aliyekuwa naye juu, alikufa kabla hawajamfikisha hospitali. Mimi paipu ilinivunja nyonga, na ndiyo maana natembea hivi ninavyotembea mpaka watoto wa sokoni wananiita Bata.

Na aliyefungwa ni Mzee wa Paipu, mwenye zile paipu. Sasa amekufa, na mpaka leo nikisimama dukani nasikia mtu anasema, "Yule mzee aliyeua watu na vyuma vibovu." Mimi niliacha shule darasa la tatu, kuandika kwangu ni kwa shida. Lakini nimechoka. Nitawaambia yule mzee alikuwa mtu wa namna gani, mabaya yake na mazuri yake, na nitawataja walioua. Wengine wananiambia, nyamaza Mama Chebet, hao ni watu wakubwa. Nimenyamaza ya kutosha.

Uwanja wake ulikuwa Kericho, nyuma ya maduka, na kibanda changu cha chai kilikuwa kimeegemea ua wake. Miaka mingi nilimpikia chai, yeye na wapakiaji wake. Alikuwa akiuza paipu na kukodisha paipu, basi, hana kazi nyingine. Za maji, za kupitisha mvuke kwenye viwanda vya chai, na zile ndefu za kujengea ambazo mafundi hufunga kwa klampu na kulaza mbao juu yake wapate kusimama. Zingine zilikuja kwa treni mpaka steshoni ya Lumbwa, lori lake bovu likaenda kuzichukua. Zingine alizinunua kwa Wazungu waliokuwa wanafunga virago baada ya Uhuru. Kama kuna daraja, kisima, zahanati au shule iliyojengwa pande zetu miaka ile, kuna chuma chake mahali.

Alikuwa mnene, wa sauti kubwa, na alikuwa na kofia ya kahawia ambayo hakuivua hata mvua ikinyesha ndani yake. Alitoka kwao milima ya magharibi zamani, akakaa kwetu mpaka akazeeka. Sitasema zaidi juu ya kwao. Waliotaka kumfunga ndio walioanza kutaja kwao, kabla ya hapo hakuna aliyeuliza.

Na alikuwa mwongo. Nasema wazi ili msifikiri namtetea kwa upofu. Mteja akija kuuliza mali yake, Mzee anamwambia, "Lori liko njiani, liko hapo tu Kapsoit," na lori liko nyuma yake, limeinuliwa juu ya mawe, halina gurudumu. Dereva amelala chini yake anasikia kila kitu. Siku moja mteja akasema, "Mzee, na hilo ni lori gani?" Mzee akageuka, akaliangalia kama ndiyo mara ya kwanza kuliona. "Hilo? Hilo ni ndugu yake."

Alikuwa mkali kwa midomo. Kimutai alifutwa kazi na yule mzee mara nyingi, sikumbuki ngapi. Kimutai ndiye alikuwa mfungaji wake wa majukwaa, mtu akikodi paipu anamchukua na Kimutai. Asubuhi Mzee anapiga kelele, "Toka! Nenda kachume majani chai kwa wazungu, huko ndiko kwenu!" Saa ya chai anatuma mtu kibandani: "Huyo mume wa Mama Chebet anafanya nini huko amekaa? Kazi imelala." Kimutai anacheka, anamaliza kikombe, anarudi.

Na aliogopa kwenda juu. Huyu mtu aliyeishi kwa kupandisha wengine juu, hata ngazi ya kubadilisha balbu hakupanda. Jukwaa likiwa linafungwa anasimama chini, mikono kichwani juu ya ile kofia, anapiga kelele mpaka mishipa ya shingo inatoka. "Kimutai! Funga hiyo! Hiyo nyingine! Umefunga?" Kimutai kutoka juu anajibu, "Mzee, panda uone mwenyewe." Kila mtu anacheka, na Mzee anatukana, lakini haondoki hapo chini mpaka jukwaa limekwisha.

Sasa nisikilizeni kwa jambo hili, kwa sababu kesi yote iko hapa.

Kila paipu iliyoingia uwanjani kwake, mpya au kuukuu, aliichungulia. Wapakiaji wawili wanainua, yeye anafunga jicho moja, anaweka lingine kwenye tundu, anaangalia mpaka upande wa pili kwenye mwanga. Halafu anaigonga na nyundo akiifuata kwa sikio, mwanzo mpaka mwisho. Nikimletea chai wakati huo haoni mtu. Paipu ikiwa imeliwa na kutu ndani, au imepindwa ikanyooshwa, au ina ufa, alichukua brashi na rangi nyekundu, akaizungushia pete kwenye ncha zote mbili. "Yenye pete ni ya ng'ombe," alisema. Maana yake, hiyo itakuwa mlingoti wa ua, au kizuizi cha josho, au lango la boma. Haibebi mtu. Kila aliyefanya kazi kwake alijua hivyo, hata mimi wa chai nilijua, hata makarani wa chama cha ushirika waliokuwa wakija kununua walijua.

Nilimwona akimfukuza kontrakta mmoja mwenye gari zuri. Yule bwana alitaka zile za pete kwa bei ya chini, ajengee nyumba ya ghorofa.

"Kwani nani atajua?" akasema.

"Mimi," Mzee akasema.

"Lakini unaziuza, si unaziuza? Ziko hapa, nina haja nazo."

"Ng'ombe akivunja ua, jioni utamtafuta utamrudisha. Mtu akianguka utamrudisha wewe? Toka uwanjani kwangu. Toka na gari lako."

Akamfukuza mpaka barabarani na nyundo mkononi. Halafu akarudi kibandani kwangu na kuanza kunigombeza kwa sababu chai ilikuwa na sukari kidogo. Na haikuwa kidogo, alikuwa akitafuta tu mtu wa kumalizia hasira.

Ubaya wake mkubwa ulikuwa uchoyo. Hakutupa kitu. Mwingine mwenye akili angezikata zile za pete vipande au aziuze kwa vyuma vikuukuu. Yeye alizilimbikiza, kila moja atapata wa kuinunua, wa lango, wa bendera, wa msalaba wa kaburi hata. Na ili kubana petroli alipakia nzuri na za pete lori moja. Nilimwambia siku moja, "Mzee, hivi vitu vitachanganyika." Akaniambia, "Mama Chebet, wewe changanya chai na maziwa. Rangi nyekundu haichanganyiki na kitu." Hilo namlaumu. Nilimlaumu usoni, na nitaeleza lini. Lakini mtu kuwa mchoyo si sawa na mtu kuua.

Ukumbi ule ulikuwa wa Diwani Sitonik. Jina lake ni hilo, na yu hai, ana duka na trekta. Yeye ndiye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Wazazi walichanga, wanawake walibeba mchanga kutoka mtoni kwa vichwa, na ukuta wa mbele ukapanda juu sana kwa sababu Sitonik alitaka uonekane kutoka barabarani. Halafu ikatangazwa kwamba waziri anakuja kuchangisha harambee. Kamati ikaagiza kwa Mzee paipu za jukwaa la kumalizia ukuta, na paipu za ua wa kuzuia umati siku ya waziri. Mzee akapeleka zote kwa safari moja. Zisizo na pete za jukwaa, zenye pete za ua. Kimutai akaenda nazo, na mimi nikaenda naye kuwapikia mafundi chai, maana kwetu si mbali na hapo. Mzee mwenyewe alikwenda Lumbwa kungoja mzigo mwingine.

Sitonik alikuja kuangalia, kiatu chake kinang'aa. Akaziona zile paipu zimelala kwenye nyasi, kahawia na kutu ya nje, na pete nyekundu hapa na pale.

"Nini hii?" akasema. "Waziri ashuke kwenye gari aone takataka? Atasema watu wa hapa wanajenga kwa vyuma vya kuokota. Pakeni rangi. Zote. Rangi ya fedha, kama ya tangi la maji."

Nyapara wa kazi alikuwa anaitwa Zakayo. Akasema ndiyo Mheshimiwa. Kimutai akasema, "Mheshimiwa, hizi za pete zisipakwe. Hizi si za kupanda."

Sitonik hakumjibu. Mtu mkubwa hajibu mfungaji wa jukwaa. Zakayo ndiye alijibu, ili Sitonik acheke. "Pete ni ya bibi arusi, bwana Kimutai. Wewe unataka kuoa paipu?" Na Sitonik akacheka. Kicheko kile ndicho kilichowaua watu wawili, mimi nilikuwa nimesimama hapo na birika.

Wakaitwa wanawake na wanafunzi, wakapaka. Hawana lawama hao, waliambiwa mgeni anakuja, na sisi mgeni akija tunasafisha hata njia ya mbuzi. Nyumba tunapaka udongo mpya. Miti tunaipaka chokaa. Basi wakapaka chuma. Ilipokwisha zilikuwa nzuri kweli, hata mimi nilisema ni nzuri. Mawingu yakaja kutoka upande wa msitu, na Zakayo akaamuru zibebwe zote zikaushwe chini ya paa la darasa, na zikabebwa zote pamoja, zikawa rundo moja.

Jioni Kimutai alirudi, akala. Akaniambia, "Nimetenga. Nimezichungulia moja moja kama Mzee, ambazo nimeshuku nimeziweka nyuma ya choo. Zilizobaki hazitoshi. Nimemwambia Zakayo tungoje Mzee atoke Lumbwa."

"Amesemaje?"

"Amesema waziri hangoji mtu."

Asubuhi tulipofika, nyuma ya choo hapakuwa na kitu. Zakayo alikuwa amezirudisha kwenye rundo. Kimutai akamfuata, wakagombana mbele ya mafundi wote. Zakayo akamwambia, "Fedha hii yote unaiona, chuma kimepakwa vizuri hivi, na wewe bado unaogopa? Kama unaogopa rudi kwa mzee wako, kuna watu wanataka kazi." Na Sitonik alikuwa kwenye gari lake hapo hapo, kioo kimeshushwa, anasikia. Hakufungua mdomo.

Mnaniuliza kwa nini Kimutai alipanda. Wakili wa serikali pia aliuliza hivyo kotini, eti kama alijua, kwa nini alipanda. Mtu ana watoto. Mtu ameambiwa kuna wengine wanataka kazi. Akachagua tena kwa haraka, akafunga chini zile alizoziamini, na huko juu akatumia alichopewa. Hivyo ndivyo alivyopanda.

Yaliyofuata nilisimuliwa, kwa sababu mimi nilikuwa kitandani hospitali, mguu umening'inizwa na jiwe. Sitonik alisimama kwenye mazishi ya mume wangu, kwenye shamba letu, juu ya udongo wetu, akasema, "Vijana wetu wameuawa na tamaa ya watu wa kuja." Watu wa kuja! Yule mzee alikuwa Kericho kabla Sitonik hajavaa suruali ndefu. Lakini neno lile lilishika kama moto kwenye nyasi za kiangazi. Kufika jioni uwanja wa Mzee ulikuwa umevunjwa, na kibanda changu kilichoegemea ua wake kikavunjwa pamoja nao. Mjane wa marehemu, wakanivunjia jiko kwa niaba ya marehemu.

Dereva wa Mzee alikuwa kotini, ndiye alinieleza. Wakaleta paipu mbili zilizovunjika, zinang'aa. Hakimu akauliza, "Hizi ni zako?"

Mzee akasema, "Ni zangu."

"Ulipeleka mbovu pamoja na nzuri?"

"Nilipeleka. Mbovu zilikuwa na pete nyekundu."

"Pete iko wapi?"

Mzee akaziangalia. Fedha tupu. Akasema, "Iko chini ya rangi." Na watu wakacheka, dereva anasema hata askari mlangoni alicheka.

Hakuna aliyekwangua. Hilo ndilo linanitoa usingizini mpaka leo. Kisu cha kumenyea viazi kingetosha. Ukucha ungetosha! Hakimu amesoma, wakili amesoma, polisi wana bunduki, na hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono akakwangua ncha ya paipu. Zakayo aliapa kwa Biblia kwamba hakuna mtu aliyetenga paipu yoyote. Sitonik aliapa kwamba yeye ni mtu wa kamati tu, mambo ya vyuma hayajui. Mimi sikuitwa. Wakasema, yule ni mwanamke wa chai.

Mzee akafungwa. Waziri akaja baadaye, akachangisha, ukumbi ukamalizwa kwa jukwaa la miti ya mkaratusi kama zamani. Ukumbi una jina la Sitonik juu ya mlango.

Mara ya mwisho kumwona Mzee ilikuwa Roret. Alikuwa ametoka jela muda, nikasikia amehifadhiwa na mkulima mmoja wa kanisa lao, na anauza miche ya kabichi siku ya soko. Nikaenda. Nilikuwa na maneno yangu nimeyapanga njia nzima, ya lori moja na petroli moja.

Alikuwa amekaa kwenye debe. Unene ulikuwa umekwisha, shati linamzunguka. Aliponiona ninavyokuja, ninavyotembea, akainuka, na hakujua aweke wapi mikono yake.

"Mama Chebet."

"Mzee."

"Watoto?"

"Wapo. Chebet ameolewa."

"Mungu ni mwema."

"Mzee, ulizipakia lori moja," nikamwambia. Sikungoja hata kukaa. "Nilikuambia. Ulinijibu nichanganye chai na maziwa."

Akainamisha kichwa. "Ulinionya. Kila siku ya jela nilikukumbuka ukisema. Hiyo ni yangu, sikatai. Nimefungwa kwa hiyo, na nilistahili."

Basi hasira yangu ikakosa pa kusimama. Mtu akikubali unamfanya nini? Nikakaa. Akanitafutia soda kwa jirani, na yule mchoyo hakukubali nilipe. Tukaongea habari za watu. Halafu akasema, akiwa anamwagilia miche yake na kikopo, kama jambo dogo, "Zakayo alikuja hapa."

"Zakayo gani?"

"Yule. Sasa ni mzee wa kanisa. Alikuja akalia, hapo ulipokaa. Anasema asubuhi ile Sitonik ndiye alimwambia azitoe nyuma ya choo azirudishe. Alikuja kwa gari mapema, akamwambia, rudisha zote, jukwaa lifike juu leo. Na kotini Sitonik alimwambia la kusema."

Nikaiweka soda chini. "Alikuambia hivyo kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake. Tukaomba pamoja. Nikamsamehe."

"Ulimsamehe?"

"Nimezeeka, Mama Chebet. Sitaki kesi tena. Mtu mmoja alishafungwa, serikali ilishatosheka."

Nilisimama, na nyonga ikalia, na watu wa soko wakageuka kwa sababu nilipiga kelele. "Wewe samehe jela yako! Hiyo ni mali yako, igawe upendavyo! Lakini nani alikupa ruhusa ya kumsamehe kwa niaba ya Kimutai? Alikutuma? Wilson alikutuma? Mimi nilikutuma?"

Alikuwa ameshika kile kikopo, maji yanamwagika kwenye kiatu chake, haoni. Nilimwacha hivyo. Sikumwona tena, alikufa kabla ya mvua ndefu, na kanisa lililomzika ni lile la Roret, si la Kericho alikokaa maisha yake.

Sasa Mzee hayupo wa kusamehe tena kwa niaba ya mtu. Tumebaki watatu tunaojua. Mimi nimesema yangu, na jina langu wanalijua. Zakayo, wewe unasimama kila Jumapili mbele ya watu unasoma Neno. Simama Jumapili moja useme ulilomwambia yule mzee sokoni ukilia, ulisema kwa mtu asiyeweza kukufanya kitu, sasa sema mbele ya wanaoweza. Na wewe Sitonik, sikuulizi habari za vyuma, ulisema huzijui. Nakuuliza ile asubuhi. Ulikuja kwa gari mapema, ukaziona paipu nyuma ya choo, ukajua kwamba kuna mtu amezitenga ili watu wasife. Ulisema zirudishwe. Kwa nini? Usimtume karani wako, usimtume chifu aje kuniambia nitulie. Njoo wewe, mchana, uketi nyumbani kwa Chebet binti Kimutai, umwangalie, na umjibu.